Skana Yako Si Mbovu, Imeamriwa Vibaya

Haya niliyasema Mwanjelwa, jijini Mbeya, mbele ya wenye maduka, wauza dawa na mafundi vijana. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Vicheko nimeviacha ukumbini.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu wafanyabiashara, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: ndaga kwa wa Rungwe na Kyela, kamwene kwa waliopanda basi kutoka Makambako na Iringa. Kwa baridi hii ya mwezi wa saba, mtu kuacha chai yake na kuja kusikiliza habari za skana si jambo dogo.

Mezani hapa nina kitu. Wa mbele mnakiona. Ni skana ya mkononi, ile ya kupigia bakodi, ina mpini na kifyatulio kama bastola ya watoto. Wasomi wanasema bakodi ni msimbopau, na mimi sigombani nao, ila leo nitasema bakodi maana ndivyo tunavyosema dukani. Hii niliinunua shilingi 10,000 kwa kijana anayekusanya vyuma chakavu. Aliniambia, "Mzee, hiyo mbovu, chukua utoe waya." Nikafika nayo nyumbani, nikaichomeka kwenye laptopu, nikafungua ukurasa mtupu na kupiga bakodi ya pakiti ya majani ya chai. Ikalia pii, safi kabisa, taa ikawaka kijani. Kwenye kioo kikatokea hiki ninachokiandika ubaoni:

^@)

na alama nyingine za aina hiyo zikafuata, jumla 13. Hakuna namba hata moja.

Sasa niambieni, skana hii mbovu? Naona wengi mnatikisa kichwa kukubali. Subirini. Pakiti ile ya chai, namba yake chini ya mistari inaanza na 620, ambayo ndiyo namba ya mwanzo wanayopewa wafanyabiashara waliosajili bidhaa zao Tanzania. Toeni simu au angalieni kibodi ya kompyuta yoyote hapa. Juu ya 6 kuna alama gani? Juu ya 2? Juu ya 0? Mmeona wenyewe. Skana ilisoma 620 sawasawa, kisha ikaandika kila tarakimu huku imebana Shift.

Kwa nini ibane Shift? Kwa sababu kuna mtu aliwahi kuiambia kwamba kompyuta yake ni ya Ufaransa. Kibodi za Wafaransa ukitaka tarakimu za safu ya juu lazima ubane Shift. Bila Shift unapata alama na herufi zenye vikofia. Skana ikatii. Ikaja na kontena la mitumba hadi huku kwetu, ikaendelea kutii bwana wake wa zamani ambaye hata hajui iko wapi. Nikaibadilishia nchi ya kibodi, ikaandika namba. Kazi yote dakika 5, na 4 kati ya hizo nilikuwa natafuta miwani.

Nilichokuja kuwaambia ni hicho tu, mengine yote ni kukifafanua. Skana ni kibodi isiyo na vitufe, na ina kumbukumbu. Ikifanya kituko, mara nyingi inatimiza amri ya mtu. Kabla hujaitupa, na kabla hujaipa amri mpya, iulize imeamriwa nini.

Historia nitaipita mbio. Norman Joseph Woodland na mwenzake Bernard Silver walipata hataza ya bakodi Marekani tarehe 7 Oktoba 1952. Woodland alikuwa amekaa ufukweni Miami, anawaza nukta na vistari vya Morse alivyojifunza skauti, akavuta vidole mchangani na kuona nukta zimegeuka mistari, minene na myembamba. Wazo likalala zaidi ya miaka 20 likisubiri leza na kompyuta za bei nafuu. Bidhaa ya kwanza kupigwa kaunta kwa mfumo tunaoutumia leo ilikuwa pakiti ya bigijii ya Juicy Fruit, mji wa Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Watu walitengeneza maajabu yote hayo, kitu cha kwanza kuuzwa kikawa bigijii. Na mistari yenyewe, kwa sisi tuliokulia Uporoto, ni matuta ya viazi ukiyatazama kutoka mlimani: tuta jeusi, mfereji mweupe, tuta, mfereji. Skana inamulika, nyeusi inameza mwanga, nyeupe inaurudisha, na mashine inapima upana wa kila tuta.

Turudi kwenye kumbukumbu yake. Njia ambayo wengi mnaifahamu ya kubadili mipangilio ni kijitabu cha maelekezo. Unafungua ukurasa, unapiga bakodi ya "anza kupanga", unapiga ya kitu unachotaka, unapiga ya "hifadhi". Njia hii si mbaya. Tatizo ni kwamba kijitabu cha asili hupotea ndani ya wiki, kinabaki kivuli cha kivuli kilichotolewa stationari wino ukiwa unaishia, mistari imeungana kama ugali. Tena kijitabu kikikaa kaunta ni hatari. Nimeitwa duka moja la vipuri ambako kijana wa kaunta alikitumia kama pedi ya kuwekea chupa ya soda. Siku moja akapitisha skana juu yake bila kujua, ikasoma bakodi ya kurudisha kila kitu kiwandani. Akanipigia simu ananiambia skana imesahau kazi. Kweli ilikuwa imesahau.

Njia ya pili ndiyo iliyonileta: unaipa skana amri kwa maandishi, kutoka kwenye kompyuta, na inakujibu. Hapa nataka tukae kidogo. Zimeni ile taa ya kati, muone ukutani.

Skana ninayotumia kuonyesha ni ya kampuni ya Honeywell, kwa sababu amri zake zinasomeka kwa macho ya binadamu. Kwanza fahamuni kwamba skana ikiwa katika hali ya kibodi inasema tu, haisikii unachoiambia. Kwa hiyo unaigeuza iwe ya seriali, yaani itume na kupokea maandishi, herufi moja baada ya nyingine. Kwenye kijitabu kuna bakodi ya kazi hiyo moja, kitunzeni angalau ukurasa huo. Ukishaipiga, skana inatoweka kama kibodi na kuzuka upya kama mlango wa seriali. Windows itauita COM3, COM5 au namba nyingine. Wanaotumia Linux mara nyingi wataukuta kwa jina /dev/ttyACM0. Kuanzia hapo ukipiga bidhaa, hakuna kinachoandikwa kwenye ukurasa wako. Hapo ndipo watu hunipigia simu usiku. Skana inaongea, ila inaongea mlango mwingine.

Unafungua programu ya terminali, ile ya kuandikiana na mashine, mimi natumia PuTTY, unaielekeza kwenye mlango huo. Kama skana yako ni ya zamani, yenye ule waya wa seriali wa matundu 9, hakikisha kasi na mipangilio ya biti inafanana pande zote mbili. Upande mmoja 9600 na mwingine 115200 ni kama Mnyakyusa na Mhehe wanaopatana bei kila mmoja kwa kilugha chake. Kelele zitakuwepo, biashara haipo.

Kisha unapiga hodi. Ndiyo, hodi. Skana hii haipokei amri ya mtu aliyeingia bila kubisha, na hodi yake ni herufi 3: SYN, M, CR. Kwa namba za ASCII, yaani orodha inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, ni 22, 77 na 13. Kwa heksa, yaani hesabu inayotumia 0 hadi 9 kisha A hadi F, ni 16, 4D na 0D. Mtasema, kwenye kibodi yangu SYN iko wapi? Haina kitufe. Lakini hesabuni alfabeti ya Kiingereza: V ni herufi ya 22. Kwenye terminali, ukibana Ctrl ukagonga V, unatuma 22. Na Enter inatuma 13. Kwa hiyo hodi nzima ni Ctrl na V, M kubwa, Enter. Sharti ni moja: programu yako itume 13 peke yake kwenye Enter. Zipo zinazoongezea 10 nyuma yake, na hiyo 10 itaingia mwanzoni mwa amri na kuiharibu.

Haya, nimepiga hodi. Msishangae kioo kimekaa kimya, terminali haionyeshi ninachoandika mpaka niiambie. Sasa naandika:

BEPLVL?.

Na hilo jibu, someni ukutani: BEPLVL3. BEP ni mlio, LVL ni kiwango. Nimeuliza, "mlio wako uko kiwango gani?" Imesema 3, wa juu kabisa. Alama ya kuuliza inauliza hali ya sasa. Ningeweka ^ ingeniambia kiwango ilichotoka nacho kiwandani, na ningeweka * ingenipa mipaka, yaani 0 hadi 3. Mnaona ustaarabu huo? Huhitaji hata kijitabu, mashine yenyewe inakuambia inaweza kwenda wapi hadi wapi. Napiga hodi tena, naandika BEPLVL1 na nukta. Sasa napiga pakiti hii.

Mmeisikia? Ule mlio wa kuamsha mtaa umekuwa mlio wa watu wazima.

Nyuma ya kila jibu kuna herufi nyingine ambayo haichapishiki kiooni, kwa hiyo kwa kazi kubwa tafuteni programu inayoonyesha heksa. 06 maana yake amri imekubaliwa na imefanyika. 05 maana yake "neno hilo silijui". Heksa 15 maana yake "neno nalijua, lakini kiasi ulichotaja hakipo". Ukiandika BEPLUL1 utapata 05, umekosea tahajia. Ukiandika BEPLVL9 utapata 15, umetaka makubwa. Fundi anayesoma herufi hiyo anajua amekosea wapi. Asiyeisoma atarudia amri ileile mara 7 na kisha kulaumu waya.

Sasa nukta. Mmeona kila amri naimaliza kwa nukta. Nina kisa juu ya nukta hiyo, na kisa hiki aliyekosea ni mimi.

Kuna duka la dawa, sitasema la wapi, programu yao ya mauzo ilikuwa inasoma skana kwa mlango wa seriali. Walinunua skana mpya, na ikawa ukipiga dawa ya kwanza namba inatokea, ukipiga ya pili namba yake inajipachika kwenye mkia wa ile ya kwanza. Tarakimu 13, kisha 26, kisha 39, treni ya TAZARA. Ugonjwa ule ni rahisi: skana ilikuwa haitumi Enter mwisho wa kila bakodi. Tiba yake ni amri moja:

SUFBK2990D

Ivunjeni vipande. SUFBK2 ni "ongeza mkia". 99 ni "kwa aina zote za bakodi". 0D ndiyo ile 13 yetu kwa heksa, yaani Enter. Ungetaka kuruka kisanduku badala ya Enter ungeweka 09, ambayo ni Tab. Nikaandika amri, ikakubali, tukapiga dawa 5, kila moja ikakaa mstari wake. Mama mwenye duka akaniwekea chai na maandazi, nikalipwa, nikaondoka nikiwa mtu mkubwa.

Usiku umeme ukakatika. Asubuhi saa 2 simu inaita. "Fundi, mashine yako imerudia ujinga wake, na foleni imefika barabarani." Nikapanda bajaji hata uso sijanawa vizuri. Nafika, kweli, treni ya TAZARA imerudi.

Nilikuwa nimemaliza amri kwa alama ya mshangao badala ya nukta. Alama ya mshangao inaiambia skana: fanya hivi, lakini shika tu kichwani. Nukta inaiambia: fanya hivi na uandike. Kilichoshikwa kichwani kinaondoka umeme ukikatika, na skana inakula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB, kwa hiyo kompyuta ikizimika na yenyewe imezimika. Nilirudia amri ileile, safari hii kwa nukta, nikachomoa waya, nikachomeka tena, nikapiga dawa. Tangu siku hiyo sitoki dukani kwa mtu kabla sijachomoa waya na kuurudisha mbele ya macho yake. Na pesa ya bajaji sikudai.

Lakini msiichukie alama ya mshangao, ina kazi yake, nitaifikia. Na kumbukumbu ya kudumu isiandikwe ovyo: kama unatengeneza programu inayobadili mlio kila mteja anapokuja, tumia ya muda, kumbukumbu ya kudumu huchakaa kwa kuandikwaandikwa.

Kijana mmoja pale anataka kujua kama na skana za kampuni ya Zebra ziko hivi. Dhana ni ileile, sarufi ni nyingine. Kule kila mpangilio una namba, na amri inakwenda kama pakiti ya baiti, kila baiti ikiandikwa kwa tarakimu 2 za heksa: ya kwanza urefu, ya pili kazi, ya tatu anayetuma, ya nne hali, kisha data kama ipo, na mwisho baiti 2 za kuhakiki. Amri ya kuiambia "anza kusoma" kwa mfumo wao wa SSI ni 04 E4 04 00 FF 14. Jumlisheni 4 za kwanza kwa heksa mtapata EC, na hizo 2 za mwisho ndizo zinazoifuta hiyo EC ibaki sifuri. Kinachonifurahisha ni ile baiti ya hali. Ukibadili mpangilio ukiwa umeweka 00, badiliko ni la muda. Ukiweka 08, ni la kudumu. Nukta na mshangao walewale wamevaa koti lingine. Zile skana za bei ya chini kabisa nyingi hazina mlango wa amri, ni bakodi za kijitabu tu. Ukinunua, uliza kabla hujatoa hela.

Mama yangu pale mbele amenyoosha mkono tangu zamani. Karibu, mama.

(Mama yule alisema: "Fundi, mimi nauza dawa. Hizi maboksi za siku hizi zina bakodi ya mistari na kile kimraba cha nukta nukta. Skana mara nyingine inasoma kimraba, inatoa mnyoo wa namba mrefu, na kompyuta inasema bidhaa haipo. Kijana wangu anafunika kimraba kwa kidole.")

Mama, shikamoo kwa swali hilo, na mpe pole kijana kwa kidole chake. Kimraba hicho kinaitwa DataMatrix, na kwenye dawa kimebeba mambo mengi kuliko mistari. Huo mnyoo nitauandika ubaoni, namba zake nimezitunga mwenyewe:

01020000000012341728063010A57

Ukiutazama hivyo unaumiza kichwa. Ukate. 01 inasema "inayofuata ni namba ya bidhaa", na namba hiyo ni tarakimu 14: 02000000001234. Kisha 17, "inayofuata ni tarehe ya kuisha muda", mwaka, mwezi, siku: 280630, yaani tarehe 30 Juni 2028. Kisha 10, "inayofuata ni bechi", yaani kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja: A57. Nyingine zina na 21, namba ya boksi lenyewe moja moja.

Naweza kukuzimia hicho kimraba sasa hivi. Naandika IDMENA0 na nukta, skana haitakiona tena, kijana wako atapata kidole chake. Na kwa leo, kama foleni inakusumbua, tufanye hivyo. Ila tufanye kwa alama ya mshangao, IDMENA0!, tuone leo inakwendaje kabla hamjazima kompyuta. Ikikukera unachomoa waya tu na mambo yamerudi yalivyokuwa. Hiyo ndiyo kazi yake niliyosema nitaifikia: ni ya kujaribia.

Lakini mama, moyoni sipendi kukizima. Wewe kila mwisho wa mwezi unapanda kwenye kigoda, unageuza maboksi moja moja kusoma tarehe kwa tochi ya simu. Tarehe hiyo skana inayo mdomoni na inakutajia bure, tatizo ni programu yako haijafundishwa kuusikiliza mnyoo. Aliyekuuzia programu aambiwe aukate kama nilivyoukata mimi. Umwambie na hili: bechi haina urefu maalumu, kwa hiyo ikifuatiwa na kitu kingine hutengwa na herufi isiyoonekana, namba 29 ya ASCII. Katika hali ya kibodi herufi hiyo mara nyingi hupotea njiani, kwa seriali inafika salama. Akikuambia haiwezekani, mlete kwangu, tutakunywa chai naye.

Na namba ile niliyoitunga, ukiondoa sifuri ya mbele ikabaki 2000000001234, nayo ina somo kwa wenye maduka ya nafaka. Namba zinazoanza na 2 zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Unauza mchele wa Kyela wa kupima, huna bakodi ya kiwandani? Jitungie yako ianze na 2, haitagongana na ya kampuni yoyote. Tarakimu ya mwisho usiiweke kwa kubahatisha, ni ya uhakiki. Kutoka kushoto zidisha kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3, hadi ya 12: hapa 2 mara 1 ni 2, kisha sifuri nyingi, kisha 1 mara 3 ni 3, 2 mara 1 ni 2, 3 mara 3 ni 9. Jumla 16. Kufika 20 inapungua 4, na 4 ndiyo ya mwisho. Ukiweka 5 skana itakaa kimya kama haijakuona, na utasema mbovu.

Yapo yasiyotibika kwa amri, na ni haki niyaseme. Kijana mmoja mfugaji nyuki aliniletea lebo za asali yake, nzuri ajabu, mistari amechapisha kwa wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe ili ifanane na nembo. Skana nyingi humulika kwa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga mwekundu wino mwekundu na karatasi nyeupe ni kitu kimoja. Skana ilikuwa inaangalia theluji. Alikuwa amechapisha lebo 2,000. Tuliishia kuagiza stika ndogo nyeusi na kubandika juu, yeye na dada zake, siku 3. Vilevile skana za leza hazisomi bakodi kwenye kioo cha simu, hata uziamuru kwa lugha 10.

La mwisho ni daftari. Simaanishi kitu cha kwenye kompyuta, namaanisha daftari la kurasa 48, lenye jina la duka juu. Kila skana iwe na ukurasa wake. Piga hodi, andika REVINF na nukta, itakutajia toleo la programu yake, nakili. Chini yake andika amri zote ulizoipa, kwa mstari mmoja, maana unaweza kuziunganisha kwa nukta mkato na kuweka nukta moja mwishoni:

SUFBK2990D;BEPLVL1.

Skana ikirudi kiwandani kwa ajali, au mkinunua nyingine 5 kwa ajili ya tawi la Tunduma, mtu anafungua ukurasa, anaandika mstari huo, dakika 2 zimeisha. Hamhitaji kunilipia bajaji. Najiharibia biashara, najua. Na kama umekuta skana ya mtumba yenye amri za bwana mwingine zisizoeleweka, ipo amri DEFALT na nukta, inairudisha ilivyotoka kiwandani. Lakini msianze nayo. Ulizeni kwanza, nakilini majibu, ndipo mfute. Mara nyingi aliyekutangulia alikuwa na sababu.

Waliokuja na skana zao wazilete hapa mbele, na waya wake, si skana peke yake kama mzee wangu wa vifaa vya ujenzi alivyofanya mwaka jana. Tunaanza na ya mama wa dawa. Kijana, washa taa.